Cheki Tupu ya Adeel

"Mehwish, niambie ukweli. Umeniandikia milioni mbili?"

"Milioni mbili zipi?"

"Ile cheki niliyokupa. Imepelekwa benki, imedunda. Niko mahabusu tangu juzi. Wamenichukua mbele ya wateja, kikombe cha chai bado mkononi."

Simu ya kuazima ikakatika. Mehwish akakimbilia chumbani kwake.

Siku aliyomwomba amuoe, Adeel alichana karatasi moja kwenye kitabu chake cha cheki, akasaini chini, sehemu nyingine zote akaacha tupu. "Wenzangu wanaleta pete," alisema. "Wewe andika unachotaka." Muuza vigae wa mjini Multan, Pakistan, salio lenyewe la kununulia sambusa, kajifanya nawabu mwenye mali. Mehwish alicheka hadi machozi, akaificha kwenye kasha la bangili.

Akalifungua. Bangili zipo. Cheki haipo.

Sebuleni kaka yake, Tanveer, alikuwa anamenya chungwa.

"Kaka, uliingia chumbani kwangu?"

"Nilikuwa natafuta kalamu."

"Naona uliipata."

"Nilikwambia utaolewa na binamu yako. Hukusikia. Sasa ikubali posa yake, kesho naifuta kesi. Ukikataa, muuza vigae wako azeekee huko ndani."

"Hudai chochote kwake."

"Saini yake inasema nadai. Cheki ikidunda, polisi hawaulizi hadithi za mapenzi."

Mama yao akatokea jikoni, mikono imejaa unga.

"Kubali, mwanangu. Yaishe."

"Ammi, na wewe ulijua?"

Mama akajifuta unga kwenye mtandio, taratibu. "Mimi ndiye niliyemwonyesha kasha."

Mehwish akachukua shungi lake, akatoka.

Kituoni, inspekta alimtazama juu hadi chini. "Umekuja na wakili, binti?"

"Nimekuja na mdomo. Cheki ile nilipewa mimi, mchumba wake, ikiwa tupu. Kaka yangu ameiiba akaijaza. Muite, mpe kalamu aandike milioni mbili mbele yako, halafu linganisha."

"Unajua kaka yako atalala hapa?"

"Najua."

"Na wewe utalala wapi?"

Mehwish akamsogezea kalamu iliyokuwa mezani.

Mwandiko ukalingana. Tanveer alipowekwa ndani, ujumbe wa mama ukaingia: "Usirudi. Nguo zako nimempa mfagizi."

Adeel akatolewa, mdomo umevimba upande mmoja.

"Ulidhani ni mimi?" Mehwish akamuuliza.

"Usiku wa kwanza, ndiyo."

"Na wa pili?"

"Wa pili walikuwa wananipiga. Sikupata nafasi ya kudhani."

Nikaha ikafungwa kwenye chumba kidogo cha sheikh. Mashahidi ni wapakiaji wa vigae, vumbi bado nyweleni. Upande wa bibi harusi, zulia tupu.

"Mahari?" sheikh akauliza.

Kwa mazoea Adeel akatia mkono mfukoni, akatoa kitabu cha cheki.



"Ukikifungua hicho naondoka," Mehwish akasema. "Taslimu."

Adeel akajipapasa mifuko yote. "Nina rupia mia tano. Na nauli yetu ya kurudi."

"Toa zote. Mimi sina pa kurudi."