Ufa Uliopakwa Rangi ya Njano

"Bibi ulimtua wapi?"

Nilimuuliza hivyo kwenye simu, bila salamu. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya ndege, mkono mmoja umejaa dawa nyekundu kama nimetoka kuchinja, mwingine umeshika simu kwa ncha za vidole.

"Bibi yupi tena, mpenzi? Bibi yangu mzaa mama au hii ndege yetu?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Ndege. Siku ile, kabla mguu haujalala. Ulimtua wapi?"

"Si palepale uwanjani. Kwani kuna nini?"

"Sawa," nikasema, nikakata.

Bibi ni ndege ndogo ya njano, ya viti viwili, ya zamani kiasi kwamba baba yangu alizaliwa ikiwa tayari inaruka. Babu yake Rubani ndiye aliyemwachia. Na Rubani ni mchumba wangu. Jina lake la mapenzi nilishalifuta kwenye simu, siku hizi anasomeka Rubani tu, kama mteja mwingine yeyote. Mimi hapa hanga, kwenye karakana yetu ya ndege, wananiita Cheche, kwa sababu tangu mdogo nilikuwa nang'ang'ania kusimama karibu na baba akichomelea, narudi nyumbani gauni lina matundu kama chujio.

Kazi yetu ni miguu. Ndege za zamani zina miguu ya bomba la chuma, na bomba likitua na kutua miaka yote hiyo, linapata nyufa. Baba ndiye fundi mkuu. Yeye alinifundisha kukata palipoingia ufa, kuingiza kipande kipya, na kuchomelea taratibu mpaka kiungo kiwe na magamba mazuri kama samaki. Na hanga yetu ina sheria moja ambayo baba haijadili na mtu. Aliyeunga mguu ndiye anayekaa kiti cha pili ndege ikiruka mara ya kwanza. Kama huamini mkono wako, usiunge.

Hivyo ndivyo nilivyompata Rubani. Niliunga mguu wa kushoto wa Bibi, nikapanda naye. Alinitua kwa upole kama anaweka mayai mezani. Tuliposhuka akaniambia hajawahi kuogopa kuaibika mbele ya fundi kama siku ile. Nikacheka siku nzima. Baadaye ikaja pete, zikaja barua za posa, shangazi yangu akaanza kushona gauni.

Kisha ikaja ile siku. Bibi alikuwa ametoka kuruka kidogo tu, anarudi kuegeshwa, mguu wa kushoto ukalala. Bawa likainama hadi karibu kugusa lami. Hakuna aliyeumia. Hanga nzima ilitoka mbio. Baba akauliza kumetokea nini. Rubani akavua miwani yake ya jua, akaifuta kwa shati, akasema:

"Labda ni kile kiungo cha Cheche."

Labda. Neno dogo hivyo.

Baba hakuniuliza kitu. Alinijia palepale, akanivua miwani ya kuchomelea kichwani mbele ya watu wote, akaenda kuitundika kwenye msumari ofisini kwake. Mimi nikapelekwa stoo, anayoitunza shangazi, kuchambua bolti. Na Rubani alikuwa amesimama pale, bado anafuta miwani. Ilikuwa safi tangu zamani lakini yeye anafuta tu.

Jioni aliniletea maua. Akaniambia nisijali, Mzee atapoa, harusi iko palepale. Nilimshukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimshukuru.

Sasa baba alikuwa ameazima fundi kutoka kwingine aje akate mguu na kuuunga upya. Mguu ukishakatwa, kipande kinatupwa, na mimi nitabaki kuwa yule binti aliyeunga vibaya maisha yangu yote. Kwa hiyo mchana huo, wenzangu walipokwenda kula, nilichukua msasa na chupa mbili za dawa nikaingia chini ya Bibi mwenyewe.

Ile dawa nyekundu unaipaka kwenye chuma kisafi, unaiacha inywewe, unaifuta, halafu unapuliza ya pili nyeupe kama unga. Pazuri panabaki peupe. Penye ufa, wekundu unarudi wenyewe, taratibu, kama damu inayopenya bandeji.

Kiungo changu kilibaki cheupe. Chote, kuzunguka.

Mstari mwekundu ulitokea juu yake, vidole vitatu juu, kwenye bomba ambalo mimi sikuligusa kamwe. Na upande wa pili bomba lilikuwa limebonyea. Bomba halibonyei kwa kuungwa vibaya. Linabonyea kwa kugonga kitu. Nilipokwangua rangi pembeni ya mstari, msasa ukatoa vumbi laini, jepesi. Puti. Ile ya kuzibia magari yaliyobonyea. Mtu alikuwa ameuona ufa, akauziba kwa puti, akapaka rangi ya njano juu. Na kwenye kona ya mhimili wa tairi palikuwa pamekwama nyasi kavu, ndefu, na udongo. Uwanja wetu ni lami mwanzo hadi mwisho.

Nikaenda stoo mkono ukiwa mwekundu vilevile. Shangazi alikuwa anakula. Aliponiona akaweka kijiko chini.

"Umemuua nani?"

"Bado," nikasema. "Shangazi, nani alikuja kuchukua rangi ya njano?"

Akafikiri. Akasema ni huyohuyo mkwe wake mtarajiwa, Rubani. Alikuja na tabasamu, akaomba kidogo tu kwenye kikopo, na puti iliyobakia, eti anatengeneza baiskeli ya mpwa wake. Shangazi alimpa na brashi juu.

"Lini?"

"Kabla mguu haujalala. Wiki ile nilipokupima kiuno." Kisha nikaona uso wake unabadilika. "We mtoto. Usiniambie."

Simu yangu ilikuwa inalia meseji juu ya meseji.

*Mbona umenikatia? Umekula?*

*Cheche?*

*Kama ni ile habari ya mguu, tulikubaliana tuiache ipite. Usimchokoze Mzee.*

Nikamjibu kwa kidole kimoja kisafi:

*Njoo hanga. Njoo na mdomo wako.*

Alifika watu wakiwa wamesharudi kutoka kula. Shati jeupe, manukato yanamtangulia. Baba alikuwa mlangoni na kijiti cha meno, anashangaa nani kaniruhusu kutoka stoo. Nikamwambia Rubani apige magoti nilipopiga mimi.

"Shati hili, mpenzi..."

"Piga magoti."

Akapiga. Nikamwonyesha mstari kwa kidole. Hakuuliza ni nini. Mtu asiyejua angeuliza.

"Bibi ulimtua wapi?" Mara hii nilisema polepole.

Alitazama nyuma, akaona hanga nzima imesimama. Akaniomba tukaongelee nje. Nikamwambia lile neno lake hakulisemea nje.

Basi akasema, macho yakiwa kwenye tairi. Alikuwa amepata kiwanja cha nyasi nyuma ya vilima, kizuri, kina miti ya kivuli. Alitaka kunitua pale siku ya harusi, nikiwa na gauni, watu wote wakitusubiri chini. Alikwenda kukijaribu peke yake. Kumbe kwenye nyasi kulikuwa na kichuguu. Akakigonga na mguu wa kushoto. Alipoangalia akaona ufa mwembamba kama unywele. Akajua Mzee akiuona tu atamfunga Bibi asiruke, na kila kitu alichopanga kitaharibika.

"Ilikuwa nikufanyie mshangao," akasema.

Nadhani alitarajia nilainike hapo. Na kuna mmoja nyuma yangu alishusha pumzi kabisa, kama vile kesi imekwisha, kumbe ni mapenzi tu.

"Hebu nielewe," nikasema. "Uliuona ufa. Ukaupaka rangi. Halafu ungenipandisha humo."

"Ulikuwa mwembamba, Cheche. Safari moja tu. Baada ya harusi ningeuleta utengenezwe."

"Na gauni langu."

"Cheche..."

"Mimi na gauni langu, juu ya kichuguu chako, na puti."

Akachomoa unyasi mmoja uliokwama kwenye mhimili.

"Lakini sikia. Hata hicho si ndicho kinachonichoma. Kugonga ni kugonga, kila rubani anagonga. Uoga nao naujua. Kinachonichoma ni baba alipokuwa ananivua miwani. Ulikuwa umbali wa hatua mbili. Ulikuwa unajua. Ukaniangalia navuliwa, ukafuta yako."

"Nilisema labda. Sikusema ni wewe."

Hapo shangazi akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu amshikie pochi yake. Hakuna aliyeishika, ikabidi atulie.

"Ulisema labda mbele ya hanga nzima," nikamwambia. "Iondoe mbele ya hanga nzima. Mimi nasubiri."

Alisimama. Magoti ya suruali yalikuwa na mafuta. Aligeuka kuwatazama wale watu, mmoja mmoja, hata mama anayefagia, na akasema kwamba mguu aliuharibu yeye, akauficha yeye, na kiungo cha Cheche kilikuwa kizima siku zote. Sauti ilimkatika katikati ikabidi aanze upya. Sikumsaidia.

Baba alikuwa ameshatupa kijiti. Akaja, akajishusha chini na yale magoti yake mabovu, akaangalia mstari mwekundu kwa muda mrefu. Akapitisha gumba pale palipobonyea. Akapitisha tena kwenye kiungo changu.

"Mwanangu," akasema.

Yeye nilikuwa namngojea pia.

"Baba, wewe ndiye ulinifundisha hii dawa. Ndege ya mtu baki huwezi kuisemea neno kabla hujaipaka. Siku ile hukupiga hata magoti. Ulisikia labda ya mwanaume, ukaja moja kwa moja kichwani kwangu."

Watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Hakuna anayesema na fundi mkuu hivyo. Hata mimi sijawahi, kabla wala baada.

"Ni kweli," akasema baba. Akamgeukia shangazi amletee miwani ofisini.

"Hapana," nikasema. "Uliipeleka mwenyewe."

Akainuka kwa kushika bawa. Akatembea hanga nzima mpaka ofisini, tukamsikia akiitoa kwenye msumari, akarudi nayo mikono miwili. Alinivalisha kichwani upande upande. Nikaiacha hivyohivyo. Akaniambia fundi wa kuazima asije tena, mguu ni wangu.

Niliukata siku iliyofuata. Nikatoa bomba lililobonyea, nikaingiza jipya na kipande cha ndani cha kulishikilia, nikalichomelea nikiwa bado na hasira, lakini mkono haukuwa na hasira. Mkono ulijua kazi yake. Dawa nyekundu ilipopakwa, pote pakabaki peupe. Baba ndiye aliyepaka. Alipiga magoti bila kuambiwa.

Siku ya kuruka, sheria ikawa ileile. Nikakaa kiti cha pili. Wa mbele alikuwa Rubani, maana Bibi ni wake na anamjua. Hatukusemezana kutoka ardhini mpaka juu, wala kutoka juu mpaka ardhini. Alitua kama siku ile ya kwanza, mayai mezani. Injini ikazima. Akabaki ameshika usukani.

"Mguu wako ni mzima," akasema.

"Najua."

"Na sisi?"

Nilishuka nikauangalia mguu. Pale nilipounga palikuwa bado chuma kitupu, kinang'aa, nimepaka mafuta mepesi tu kisishike kutu. Akaja akasimama karibu. Akasema, kwa adabu ya kuomba, kwamba angependa kupaka pale rangi yeye mwenyewe, vizuri safari hii, Bibi apendeze kwa harusi.

"Hujui kitu kuhusu hanga hii," nikamwambia. "Chuma kilichoungwa hatukipaki rangi mapema. Kinakaa wazi. Kila ndege ikitua, tunapiga magoti, tunakiangalia. Ikitua tena, tunakiangalia tena. Rangi inakuja mwisho, tukishaamini."

Nikavua pete. Nikaiweka kwenye kiganja chake, nikamfunga vidole.

"Umeniacha?" akauliza. Sauti ndogo.

"Ningekuacha ningekuambia nimekuacha, nisingesema labda. Harusi haipo kwa sasa. Utakuja hapa kila siku, mchana, watu wakiwepo. Utasema kweli hata ya kijinga, hata ya kuaibisha. Na mimi nitakuangalia. Siku nikikuangalia nisione mstari mwekundu, nitakuomba hiyo pete mwenyewe. Nisipoiomba, utajua."

"Itachukua muda gani?"

"Wewe ulipaka haraka. Mimi sina haraka."

Akaingiza pete mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akapiga magoti kwenye lami, na suruali yake safi, akaanza kuuangalia ule mguu, polepole, kuuzunguka wote, kama nilivyomwonyesha.

Sikumsemesha. Lakini sikuondoka pia.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni pa stoo, gauni langu limekunjwa mapajani, sindano bado imechomekwa palepale alipoishia. Nilipompita akatikisa funguo zake zote kwa pamoja, kwa nguvu, ili yule aliyepiga magoti kule asikie.

"Rangi ya njano nimeifungia," akasema. "Asije tena na habari za baiskeli."