Doa Takatifu

Ndugu zangu mnaoamka kila siku kwenda kazini, hii isikilizeni kwa masikio mawili.

Asubuhi katika kiwanda kimoja kidogo cha uchapaji zilikuwa tulivu. Mashine inanguruma taratibu, karatasi mpya zinanukia, na Fundi, kama wote walivyomwita, anapanga maneno ya kadi huku akipiga mluzi. Miaka tisa hakuna kadi iliyorudishwa kwa kosa lake. Bosi alikwisha kumwahidi kwamba mwaka ukiisha, atakuwa msimamizi.

Ndipo Fundi akamleta kazini shemeji yake, kaka wa mkewe.

"Mshike mkono, baba watoto," mkewe alimsihi. "Ila usimkoromee. Moyo wake mwepesi."

Moyo mwepesi! Bwana yule ukimwambia herufi imeruka, anavua aproni, anakaa mlangoni na kununa mpaka saa ya kutoka. Habari inamtangulia Fundi nyumbani, na chakula kinawekwa mezani bila neno.

Sasa, kiwandani kulikuwa na utaratibu. Kabla ya kuchapa, watu wawili husoma nakala ya kwanza, kila mmoja anaandika "sawa" na kutia saini. Shemeji hakutaka. "Kwani mimi mwanafunzi?" Basi Fundi, kwa kutafuta amani, akawa anaandika "sawa" mbili na kutia saini mbili: yake na ya shemeji.

Mama mmoja, mkata karatasi, alimwona.

"Juzi shemeji yako alitaka nikate bila yeye kupima," alimwambia. "Nikamwambia, kaka, kununa nuna, lakini mashine siwashi. Alinuna mpaka saa nne. Kisha akapima."

"Wewe si shemeji yake."

"Hata hivyo namheshimu kuliko unavyomheshimu wewe. Mimi namwambia."

Fundi alicheka tu, akarudi mezani.

Ikaja kazi ya kadi za harusi. Shemeji alipanga maneno, Fundi akasoma, akaona neno moja limepungukiwa herufi.

"Shemeji, hapa..."

"Nimeshaona! Nenda kanywe chai, nitarekebisha."

Kurudi kukagua kungeleta mnuno. Fundi akaandika "sawa" mbili, akaenda kunywa chai.

Wiki iliyofuata baba wa bibi harusi aliingia bila hodi, akabwaga kadi mbele ya bosi. "Soma!"

Bosi akasoma: "Kwa furaha tunawaalika kwenye doa takatifu ya binti yetu..."

"Mia sita! Mlizifunga wenyewe kwenye bahasha, nami nikazigawa! Watu wananipigia simu kuuliza doa hilo limempata wapi!"

Bosi alitoa nakala ya kwanza kwenye faili. "Sawa" mbili, mwandiko mmoja.

"Hii ya pili ya nani?"

Shemeji alifumbata mikono. "Si yangu, bosi. Sikuonyeshwa hata karatasi. Huo mwandiko wa shemeji."

"Si ulisema utarekebisha?" Fundi alimgeukia.

"Lini, shemeji?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemliwaza mgonjwa. Upole ule ndio uliomchoma Fundi kuliko uongo wenyewe.

"Herufi ningekusamehe," bosi alisema. "Saini ya kughushi, hapana. Kusanya vitu vyako."

Nyumbani, mkewe alikuwa na simu mkononi. "Kaka ameniambia yote. Kwa nini ulitaka kumponza?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyenifunga mdomo!"

"Nilisema usimkoromee. Sikusema usiseme naye."

Fundi akaweka chini mfuko wa vitu vyake.

Siku ya pili Shemeji alikalia kiti cha Fundi. Mkata karatasi akamwekea nakala mbele. "Soma. Saini mwenyewe."

Alinuna. Kisha akasaini.

FUNZO

Enyi wenzangu, mtu mgumu kazini habembelezwi kwa kumfichia makosa. Mwambie mapema, usoni, kwa adabu, na kila mtu atie saini yake mwenyewe. Akinuna, mwache anune. Mnuno huisha jioni. Wala usidhani ukimbebea mzigo atakukumbuka siku ya hukumu; atakuonyesha kidole kwa mkono uleule uliouepusha na kazi. Ndoa na doa vinatenganishwa na herufi moja tu, na herufi hiyo Fundi aliiona, akaiacha ipite.