Plagi Nyeupe

Kila alipotoka shule, Sikio alivua sare, akavaa ovaroli kuukuu ya mama yake iliyokunjwa miguuni, akaingia gereji. Gereji yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Spana zilipangwa ukutani kwa ukubwa, na mama yake, fundi wa pikipiki, alikuwa amechuchumaa sakafuni, mikono imejaa oili. Wateja ndio waliompa msichana huyo jina la Sikio. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na akiisikia injini ikinguruma aliweza kukwambia inaumwa wapi. Sifa hiyo aliijua vizuri, wala hakuionea haya.

Siku hizo kazi zilifurika. Kituo cha mafuta cha mtaani kilikuwa kimeanza kuuza petroli iliyochanganywa na ethanoli, ile spiriti inayotengenezwa kwa miwa. Pikipiki za zamani zilikohoa, zikapata joto kupita kiasi, zikakosa nguvu.

"Mafuta yenyewe si mabaya," mama alimweleza. "Ila ethanoli ina oksijeni ndani yake. Kabureta, pale hewa na mafuta vinapochanganyika, ikibaki ilivyokuwa, injini inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Ina njaa, maskini. Lazima tuiongezee mafuta."

Pikipiki iliyowaumiza kichwa zaidi ilikuwa ya muuguzi wa zahanati. Wiki iliyotangulia ilimzimikia mlimani akiwa amebeba sanduku la chanjo. Barafu iliyeyuka, chanjo zikaharibika, na akina mama waliomngojea ng'ambo ya mlima wakarudi nyumbani na watoto wao bila kuchanjwa. Sasa kesho asubuhi alitakiwa kwenda tena.

"Wewe rekebisha skrubu ya mchanganyiko," mama alisema akichukua mkoba kwenda dukani kununua vipuri. "Nikirudi tutaipandisha mlima, kisha tuisome plagi, ile inayotoa cheche; rangi ya ncha yake itatuambia kama injini imeshiba."

Sikio aliwasha injini, akainamisha kichwa, akaizungusha skrubu kidogo kidogo. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Injini ikanguruma taratibu, tamu kabisa kuisikiliza.

Mlangoni alisimama mwanafunzi mwenzake, jirani yao, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuna siri iliyokaa tumboni mwake.

"Umemaliza kazi," Redio alisema. "Plagi ya nini tena? Hilo sikio linatosha."

"Linatosha," Sikio alijibu, kifua mbele.

Kabla mama hajarudi, muuguzi aliingia, kofia ya pikipiki mkononi. Aliisikiliza injini, uso ukamchangamka.

"Mwanangu, kesho naweza kuiamini mlimani?"

"Kabisa, shangazi," Redio alidakia. "Darasa zima linajua. Huyu hakosei."

Sikio alifungua mdomo aseme ndiyo. Kisha akaitazama tena pikipiki. Alichokuwa amekisikia ni injini iliyosimama gerejini, haina mzigo wala mpando. Ya mlimani hakuwa ameisikia. Aliona aibu, hasa mbele ya Redio, maana kesho shule nzima ingepata habari.

"Sijui, shangazi," alisema. "Hapa iko vizuri, lakini mlima haijapanda. Msubiri mama tuijaribu."

Redio alimtazama kama mtu aliyeibiwa. Muuguzi alivuta kigoda, akaketi.

Mama aliporudi walilijaza sanduku chupa za maji ili lipate uzito wake, wakalifunga nyuma. Mama aliendesha, Sikio akashika kiuno chake, kila mmoja na kofia yake. Kwenye tambarare pikipiki ilikwenda bila wasiwasi. Mlima ulipoanza, nguvu ikapungua, na joto la injini likamfikia Sikio miguuni. Katikati ya mpando mama akaizima ghafla, akaiegesha kando ya barabara.

"Tunazima papo hapo," alisema. "Ukiiacha ingurume imesimama kwanza, plagi itakudanganya."

Walingoja ipoe, kisha Sikio akaifungua plagi. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki. Aliigeuza mkononi.

"Bado ina njaa," alisema polepole.

"Tena kubwa. Skrubu inalisha injini iliyotulia. Ya kupanda mlima inalishwa na jeti."

Walirudi gerejini. Mama alitoa ndani ya kabureta kipande kidogo cha shaba chenye tundu, ambacho ndicho jeti, akampa Sikio kingine chenye tundu kubwa zaidi akifunge mwenyewe. Wakapanda tena. Safari hii pikipiki iliumaliza mlima bila kulalamika, na plagi ikatoka na rangi ya biskuti, rangi ya injini iliyoshiba.

Kesho yake alasiri, Sikio akiwa ametoka shule, muuguzi alisimama mlangoni, akafunua sanduku lake. Lilikuwa tupu.

"Watoto wote wamechanjwa," alisema, kisha akamgeukia Sikio. "Jana ungeniambia ndiyo, ningekuamini, ningeondoka."

Sikio aliinama, akijifanya anatafuta spana.

"Sikio lako ni zuri, mwanangu, endelea kulitumia," mama alisema. "Lakini kazi usiyoijaribu usiseme imekwisha, hata kama mtaa mzima unakusifu. Mtu anakabidhi safari yake kwa neno lako."

Jioni hiyo Redio alikuja akiikokota pikipiki ya mjomba wake.

"Isikilize tu, uniambie ina nini."

"Nitaisikiliza," Sikio alisema, mkono tayari ukutani kwenye spana ya plagi. "Halafu mwite mjomba wako. Tunakwenda mlimani."