Tangi Lililong'aa Kupita Kiasi

Weupe wa mashuka ya Dobi haukuwa na mfano. Ukipita uani kwake jua likiwaka, huna budi kufumba jicho moja. Aliifulia nyumba ya wageni ya pale kona. Alimfulia kinyozi taulo zake. Maharusi walimletea magauni, naye aliyarudisha kama hayajawahi kuguswa na mtu. Jina lake la kuzaliwa lilikwisha sahaulika. Watu walimwita Dobi, naye aliitika kwa madaha, kama mtu aliyepewa cheo.

Mumewe aliendesha lori la saruji. Kila jioni alirudi na vumbi hadi kwenye kope. Alivuliwa viatu nje, akakung'utwa kama mkeka, ndipo akaruhusiwa kuingia. Alizoea kusema kwamba iko siku ataanikwa kambani pamoja na mashuka.

Chumba cha mbele kilikuwa cha mama mkwe wa Dobi. Mama huyu alikuwa ameuza mboga sokoni tangu ujana wake. Mboga zake hazikuzidi za wenzake. Ulimi wake ndio uliozidi. Alikutania mpaka ukanunua fungu usilolihitaji, na kesho ukarudi kutaniwa tena. Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakamkwama kooni. Daktari alisema huenda maneno yakarudi, moja moja, akipata kitu cha kumvuta aseme. Lakini mama alikigeuza kiti chake kikatazama ukuta, akanyamaza. Aliyekuwa na maneno ya kugawia soko zima sasa alibakiwa na "hapana" tu, hakuwa na hata la kuombea maji.

Jambo hilo lilimtafuna mwanawe. Siku moja alirudi na tangi dogo la kioo, kichujio chenye pampu, na mfuko wa maji wenye samaki wanene wa rangi ya dhahabu. Alivinunua vyote kwa mchuuzi wa barabarani. Mchuuzi alimwambia kwamba samaki hawa hawana makuu: wape maji, wape chakula, basi.

Waliliweka tangi karibu na kiti cha mama. Samaki walipita, wakageuka, wakapita tena. Mikia yao ilifuata nyuma kama shela. Mama alitazama kwa pembe ya jicho. Halafu, taratibu, kiti kikaanza kugeuka.

"Yule," mama alisema.

Dobi aliacha kukunja nguo. Akauliza ni yupi.

"Yule... mnene."

Mumewe alisema anatoka kidogo akaangalie matairi ya lori. Lori lilikuwa limelala kazini, na wote walijua. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Basi Dobi akaapa kwamba samaki wale watatunzwa kama wafalme. Naye alijua kutunza kwa njia moja tu. Maji yalipoanza kuchafuka, na kioo kikapata utelezi wa kijani, damu ilimchemka. Aliwatoa samaki, akawatia kwenye beseni. Akasugua kioo kwa sabuni na dawa ya madoa. Akasugua mawe, moja baada ya jingine. Sifongo ya kichujio ilikuwa ya kahawia. Aliiloweka, akaikamua, ikawa kama mpya. Kisha akajaza maji mapya ya bomba, baridi, hadi juu. Tangi lilimetameta. Dobi alisimama mbele yake na mikono kiunoni, ameridhika.

Asubuhi samaki walikuwa wanaelea kiubavu.

Dobi na mumewe walisema samaki walikuwa wagonjwa tangu huko walikotoka. Wakanunua wengine. Dobi akazidisha kusugua, maana aliamini amebakisha kijidudu mahali. Hao nao walikufa. Jirani mmoja aliuliza kama siku hizi anapiga na samaki pasi. Dobi hakucheka, kwa sababu kule chumba cha mbele kiti cha mama kilikuwa kimerudi kutazama ukuta. Na safari hii hata neno "hapana", ambalo mama hakuwahi kulipoteza, lilitoweka.

Mumewe alisema waache. Alisema afadhali mama asiwe na kitu kuliko kupewa na kunyang'anywa. Dobi alimsikiliza, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka.

Alikwenda kwa Bibi Matone. Huyu alikuwa na duka la samaki wa kufuga mtaa wa nyuma. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuuza samaki kabla hajatia matone ya dawa kwenye maji ya mteja na kuona yanageuka rangi gani. Wengi walimwona msumbufu. Dobi mwenyewe aliwahi kusema kwamba yule mama anauza samaki kama anayeoza binti.

Lakini alipoingia mle dukani alisahau alichotaka kusema. Matangi yalipangwa toka sakafuni hadi darini, na kila moja lilikuwa na taa yake. Hapa kundi la samaki wembamba wenye mistari lilikata kona kwa pamoja, kama lina roho moja. Pale gapi, samaki wasiozidi urefu wa kidole, walitandaza mikia ya kila rangi, na hakuna mkia uliofanana na mwingine. Chini konokono alipanda kioo bila haraka. Maji yalikuwa maangavu hata ungedhani samaki wanaruka hewani. Dobi alinusa, akitegemea shombo. Palinukia kama ardhi baada ya mvua.

"Wewe unasugua na nini?" aliuliza, kwa wivu wa kazi.

"Sisugui," Bibi Matone alisema. "Kwani wako unawasugua?"

Dobi alimweleza yote. Alieleza kwa fahari kidogo, maana usafi ulikuwa usafi. Bibi Matone alisikiliza bila kumkatiza. Mwishowe alivuta kigoda akakaa.

"Leo sikuuzii samaki, mwanangu."

Dobi aliuliza kama pesa yake ina ukurutu.

"Pesa yako haina neno. Tangi lako ndilo lililokufa. Kaa nikueleze."

Akamweleza. Samaki hula, hulala na hujisaidia ndani ya maji yaleyale. Choo chake hugeuka sumu isiyoonekana kwa macho. Maji yanaweza kuwa meupe pe, na bado yakawa na sumu ya kuua. Kinachoiondoa sumu hiyo ni bakteria wazuri, vijidudu vidogo sana wanaokaa kwenye mawe na hasa kwenye sifongo ya kichujio. Wao huila, wakaigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Ukiwapiga sabuni, umewafukuza wafanyakazi wako wote kwa siku moja, na takataka zinabaki palepale.

Dobi alivitazama vidole vyake vya sabuni. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo uchafu ndio dawa?"

"Si kila uchafu. Chakula kilichooza ni uchafu, kitoe. Kinyesi kilichorundikana chini ni uchafu, kivute kwa mpira wa maji. Lakini ule utelezi wa kwenye sifongo una uhai. Huo usiuguse kwa sabuni."

Na maji ya bomba nayo, aliendelea, hutiwa klorini ili sisi tusiugue tumbo. Klorini hiyo huwaunguza samaki matamvua, yaani pale wanapopumulia, na huwaua wale bakteria. Kabla ya kuyatia kwenye tangi, uyatie kwanza dawa ya kuiondoa. Maji yasiwe baridi kuliko yale yaliyomo. Na ndoo iwe ya samaki peke yao, isiyowahi kuonja sabuni. Hapo Dobi alishika shavu. Katika nyumba yake hapakuwa na ndoo ya namna hiyo.

Aliuliza kuhusu wale wanene. Bibi Matone alitikisa kichwa. Samaki wa dhahabu ni wazuri, alisema, lakini hukua kupita kiganja cha mtu mzima, na hujisaidia kama ng'ombe. Tangi dogo si lao. Anayeanza achukue samaki wadogo wasio wepesi kuugua, tena wachache.

Mwisho alikata kipande cha sifongo kutoka kwenye kichujio chake mwenyewe. Kilikuwa cha kahawia, chenye ute, kibaya kutazama. Alikitia kwenye mfuko pamoja na maji yake.

"Hiki ni mbegu. Kitie kwenye kichujio chako leo hii, kisikauke. Kila siku dondosha chembe chache za chakula."

"Kwa samaki gani?"

"Kwa hao usiowaona. Nao wanataka kula. Utakuwa unaniletea maji niyapime. Yakitulia, njoo na huyo mama achague mwenyewe."

Dobi aliubeba mfuko ule kama mtu aliyebeba siri mbaya. Nyumbani alimweleza mumewe kila kitu, neno kwa neno, huku akitia kile kipande kwenye kichujio. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameupa ukuta uso.

Basi kila asubuhi Dobi alisimama mbele ya tangi lisilo na samaki, akalidondoshea chakula. Mumewe aliuliza kama wageni wameshiba. Jirani naye alichungulia dirishani, akaenda zake bila kusema kitu, na hilo liliuma zaidi. Maji ya kwanza aliyoyapeleka dukani yaligeuka kijani kwenye kichupa cha Bibi Matone. Kijani maana yake sumu bado ipo. Ya pili nayo yakawa kijani. Subiri, aliambiwa. Kusubiri haikuwa kazi aliyoizoea. Doa kwake lilitoka siku ileile.

Kisha maji yakachafuka, yakawa kama maji ya mchele. Na siku hiyo mwenye nyumba ya wageni alikuwa anakuja kuchukua mashuka. Dobi alilitazama lile tangi chafu katikati ya chumba chake. Akamwona kwa fikra yule mgeni akiliona. Alivumilia, akavumilia, akashindwa. Alichomoa sifongo kutoka kwenye kichujio. Beseni la povu lilikuwa hapo mlangoni.

"Usioshe."

Dobi aligeuka. Mama alikuwa amekigeuza kiti. Mdomo wake ulikuwa umepinda kwa juhudi.

"Ina... watu," mama alisema.

Dobi alisimama na ile sifongo inamchuruzikia mkononi. Mama alikuwa amesikia yote. Siku zote hizo, akiwa ameupa ukuta uso, alikuwa anafuata habari ya wale wasioonekana. Dobi aliirudisha sifongo mahali pake. Mwenye nyumba ya wageni alipokuja na kuuliza kwa nini wanafuga maji ya mchele, Dobi alimjibu kwamba ndani mna watu, na akamhesabia mashuka yake.

Baada ya muda maji yakajiangaza yenyewe, bila mkono wa mtu. Kwenye kichupa yakawa manjano, yaani sumu imekwisha, na safari iliyofuata vilevile. Bibi Matone aliongeza vipimo vingine, akaridhika.

Wakampeleka mama dukani kwa kiti cha magurudumu. Bibi Matone alianza kumfundisha kuchagua. Mtazame anayeogelea wima, alisema, aliyefungua mapezi, anayekimbilia chakula. Mwenye punje nyeupe mwilini mwache. Anayejibanza pembeni mwache. Hakumaliza. Mama alikuwa amekwisha inua mkono wa kushoto. Jicho lililochambua mboga miaka yote lilikuwa kazini.

"Huyu amenyauka," alisema mama. "Yule... wa jana."

Bibi Matone alicheka mpaka akajishika ubavu. Ndiyo, alikiri, yule aliletwa jana na bado ana uchovu wa safari. Mama alichagua gapi wachache, wote madume, kwa sababu Bibi Matone alionya kwamba ukichanganya na majike, utaamka una ukoo. Nyumbani waliuacha mfuko uelee kwenye tangi mpaka joto likalingana. Wakaongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwenye mfuko. Kisha wakawavua kwa wavu, wakawaachia, na wale samaki wakatandaza mikia yao kama waliofika kwao.

Tangu hapo kila wiki Dobi hutoa robo ya maji, akarudisha mengine yaliyotiwa dawa. Sifongo huisuuza kidogo katika yale maji aliyoyatoa, si kwa bomba, wala si kwa sabuni. Kioo hukifuta upande mmoja tu, ule wa mama. Utelezi wa nyuma anauacha, ingawa bado hawezi kuutazama muda mrefu. Ulinzi ni wa mama. Yeye ndiye hujua nani hakula na nani anajificha, na husema.

Jioni moja mumewe alirudi na njaa. Alipokuwa akisubiri chakula, aliwaonea samaki huruma, akachota chakula chao kwa vidole vyote vitano. Dobi alikuwa uani, anasuuza shati.

"Wewe mwana wa saruji," sauti ilisema chumba cha mbele. "Rudisha hicho. Chembe ndogo tu, wamalize mara moja. Wakila kama wewe, watazama chini kama lori lako, na mimi sina winchi ya kuwatoa."

Uani Dobi alisahau shati mkononi. Povu lilimtiririka hadi kwenye kiwiko. Kisha akamsikia mumewe akimwomba mama arudie, tafadhali, arudie yote.

"Sirudii," mama alisema. "Ungekuwa unasikiliza."