Kengele ya Bibi Mwanamvua

"Usinifundishe mimi, Ignasi! Umeme umekatika tangu saa nne asubuhi. Friji imezima, taa zimezima, redio imezima. Sasa nieleze, hiyo kengele yako inalia kwa umeme wa nani?"

"Mama, mimi nasema kitu kimoja tu. Bila umeme haiwezi kulia."

"Haiwezi, na imelia! Mara tatu! Au mimi kiziwi?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Siku ilipotakiwa kulia haikulia. Leo hakuna anayeihitaji, ndiyo inalia. Ufundi gani huo? Wa Mollo?"

"Mollo tunalima mahindi, mama. Ufundi nimejifunza Mbeya."

Siku nyingine Bi Stumai angecheka. Siku hiyo alimsukumia Ignasi kiti kwa mguu, akamwambia akae chini aitazame kengele yake, na hataondoka mpaka inyamaze.

Maulida, binti wa Bi Stumai, alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido, ungo wa maharage mikononi. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alitaka kumwambia mama yake aache kumdhalilisha kijana wa watu, lakini akaendelea kuchagua mawe kwenye maharage. Tangu msiba ilikuwa hivyo. Kila Ignasi alipotukanwa, yeye alitazama chini.

Kengele ile ilinunuliwa kwa ajili ya bibi yake, Mwanamvua, mama wa baba yake, mzee Lukmani. Bibi alilala chumba cha uani, nyuma ya stoo ya mahindi, na alikataa kabisa kukihama kwa sababu alijengewa na marehemu mumewe. Miguu ilipomwishia nguvu, Maulida aliachishwa shule akiwa kidato cha pili ili amtunze. Mwaka mzima alilala naye, bibi kitandani, yeye mkekani. Kisha kaka yake, Fahadi, akatuma boksi kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na mtambo mkuu mdogo kama kopo la mafuta ya kujipaka, kengele ya kuchomeka ukutani, kitufe cha betri, na plagi tatu.

"Bibi akibonyeza, kengele italia sebuleni," Fahadi alisema kwenye simu. "Maulida alale ndani, apate kusoma. Januari arudi shule."

Lakini bibi alipobonyeza, kengele haikulia. Kutoka kitandani kwake hadi sebuleni zilikuwa hatua thelathini, kuta mbili za matofali ya kuchoma, na katikati stoo ya mabati iliyojaa magunia. Ndipo Ignasi akaitwa kutoka kibanda chake karibu na stendi.

"Mtandao huu wa Zigbee, wa vifaa kupashana habari bila waya, hauna kifua cha kupiga kelele," aliwaeleza. "Wenyewe unapokezana. Kitufe cha betri kinatuma habari zake tu, hakibebi za mwenzake. Plagi iliyo kwenye umeme ndiyo inayopokea na kupitisha. Kwa hiyo plagi moja inakaa stoo, moja korido, moja chumbani kwa dada Maulida. Ile ya stoo ndiyo daraja. Ikizimwa hiyo, bibi yuko peke yake."

Akaichomeka, na juu yake akabandika karatasi yenye maandishi mekundu: USIZIME.

"Na radi ikianza?" Maulida aliuliza.

"Radi ikianza chomoa, dada. Hapa Sumbawanga nani atakukataza? Lakini ikiisha, rudisha. Usisahau."

Hakusahau. Hilo ndilo alilokuwa hajamwambia mtu.

Usiku ule wa mwisho wa Aprili, bibi alikuwa ameshabonyeza mara nne baada ya magharibi. Mara ya kwanza alitaka maji. Ya pili, blanketi limeanguka. Ya tatu, mlango haujafungwa vizuri, nao ulikuwa umefungwa. Mara ya nne aliuliza lile swali alilouliza kila usiku.

"Maulida, mjukuu wangu, sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa mbili, bibi. Si nimekwambia sasa hivi?"

Mara radi ikaanza. Maulida akakimbia kuchomoa kila kitu kama wanavyofanya watu wote wa mji ule, stoo, korido, sebuleni, chumbani. Mvua ikapiga mpaka saa nne, kisha ikakatika. Akarudisha mtambo wa sebuleni na plagi za ndani, kwa sababu mama yake angeona vitaa vya vifaa hivyo vimezimika. Akafungua mlango wa uani, akamulika tochi. Stoo ilikuwa hatua kumi tu. Tope, ndiyo, lakini miguu yake ilikuwa imezoea tope. Akasimama pale. Akawaza, usiku mmoja tu. Nilale usiku mmoja bila kuulizwa saa. Akafunga mlango, akasukuma komeo.

Alfajiri aliirudisha plagi ya stoo kabla mtu hajaamka, ndipo akapeleka maji ya moto. Bibi alikuwa nusu kitandani, nusu sakafuni, amekuwa wa baridi. Kitufe kilikuwa ndani ya ngumi. Wanawake walioosha maiti walikifungua kile kidole gumba kwa shida, kilikuwa kimekandamiza mpaka ukucha umepasuka.

Kwenye msiba Ignasi alimfuata pembeni, akanong'ona. "Dada, simu yangu inaonyesha plagi ya stoo ilipotea saa mbili na nusu, ikarudi alfajiri. Uliichomoa?"

"Sikuichomoa."

"Hata kwa radi?"

"Nimesema sikuichomoa."

Basi mji mzima ukajua kwamba mtambo wa Ignasi ulimwacha mama wa mzee Lukmani afe akiita. Vijana wa stendi wakampa jina, Fundi Kengele Bubu. Mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa amempa kazi ya vyumba kumi akaivunja. Wiki hiyo Ignasi alikuwa anauza vifaa vyake ili arudi shambani.

Na sasa, zikiwa zimebaki siku tatu kufika hitima ya arobaini, kengele ilikuwa inalia.

Ililia tena pale pale, mbele yao watatu. Ti, ti, tii. Ignasi akaichomoa ukutani. Akaishika mkononi, akaigeuza, akawaonyesha kwamba haina betri wala waya. Ikalia kiganjani mwake. Akaiangusha kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Mnasikia harufu?" Bi Stumai akauliza kwa sauti ndogo.

Walisikia. Ilikuwa harufu ya mafuta ya karafuu aliyojichua bibi magotini, na chini yake harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa. Nje ilikuwa Juni. Upepo wa baridi ulikuwa unapeperusha vumbi, na tone la mvua halikuwa limeanguka kwa wiki tatu.

Ignasi akatoa simu. Alikuwa na ramani ya mtandao ule, vituo vyote na mistari inayoviunganisha. "Hii haipaswi hata kufunguka umeme ukiwa umekatika," alisema. Ilifunguka. Akafuata mistari kwa kidole.

"Mama, kile kitufe mlikiweka wapi?"

"Kabatini, chumbani kwa marehemu. Nimekifungia mwenyewe. Na betri nikaitoa."

"Kitufe hujishika kwenye plagi iliyo karibu nacho," Ignasi alisema polepole. "Jumatatu nilitazama nikiwa kibandani, kikawa kimeshika ya stoo. Nikadhani simu imekosea. Jana kilikuwa kimeshika ya korido." "Sasa kimeshika ya chumbani kwa dada Maulida."

Hakuna aliyetaka kutangulia. Mwishowe walikwenda wote watatu wamebanana kwenye korido ile nyembamba, Ignasi mbele na tochi ya simu ingawa ulikuwa mchana, Bi Stumai amemshika Maulida mkono kwa nguvu kama mtoto anayevushwa barabara, na kila hatua waliyopiga harufu ya karafuu ilizidi kuwa nzito mpaka ikawa kama kitambaa kilicholowa kilichowekwa puani, na mlango wa chumba ulipofunguka waliona kitanda kimetandikwa vile vile alivyokitandika Maulida asubuhi, shuka limenyooka, hakuna alama ya mtu kukaa, ila juu ya mto, katikati kabisa, mahali anapoweka kichwa, palikuwa na kitufe cheupe kilichopakaa tope bichi, na tope lile lilikuwa bado linachuruzika.

Maalim Azizi aliitwa. Alifika baada ya alasiri na bakuli la maji, akakaa sebuleni, akaanza kisomo. Aliposoma, kengele ilinyamaza. Alipopumzika kuvuta pumzi, ililia. Akasoma kwa sauti zaidi, nayo ikasubiri. Akanyamaza, ikalia. Mwishowe akalifunika bakuli.

"Salamu yangu mimi mmeiitikia vizuri," alimwambia Bi Stumai, "lakini kuna mtu hapa anaita na hajaitikiwa."

"Ni mama mkwe, maalim?" Bi Stumai alikuwa analia.

"Marehemu amepumzika, Mungu amrehemu. Huyu ni karini wake, jini aliyefuatana naye tangu azaliwe. Mtu akifa, karini hubaki. Mara nyingi hutawanyika. Huyu amebaki na kazi ya mwenziwe mkononi, anaita kama alivyokuwa akiita, na ninyi mmemwekea vituo vya kupita kutoka chumba hadi chumba. Ubani hautaki. Anataka jibu." Akawatazama mmoja mmoja. "Aliyekuwa akiitwa usiku ule aseme ukweli wake. Aseme wote, asibakize kitu."

Maulida alihisi uso wake unawaka. Alimtazama Ignasi, shati lake, moja kati ya mawili aliyokuwa nayo, viatu vilivyoshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, na akaona kwamba hawezi kunyamaza tena.

"Ni mimi," alisema. "Ile plagi ya stoo niliichomoa mimi. Ilikuwa radi, nikaogopa. Nikachomoa zote. Za ndani nikarudisha, ile ya stoo nikaisa..." Ukweli ulikuwa pale mdomoni, mfupi tu. Mama yake alikuwa anamtazama kwa macho yaliyojaa huruma. "Nikaisahau. Mvua ilikuwa kubwa, nikalala. Asubuhi nikaona haya kusema."

Bi Stumai akamvuta kifuani. "Mwanangu jamani! Radi ile nani asingechomoa? Hata mimi ningechomoa. Umebeba mzigo huu peke yako siku zote hizi?"

Ignasi alijifuta macho kwa mkono wa shati, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Dada Maulida, ungeniambia tu. Radi! Mimi mwenyewe Mfipa, radi naijua. Ningekwenda stendi nikawaambia, nyie wajinga, ilikuwa radi."

"Nisamehe, kaka Ignasi."

"Nimeshasamehe. Yaliyopita yamepita."

Kila neno zuri lilimwingia kama mwiba, kwa sababu walikuwa wanamsamehe msichana mwingine, yule aliyesahau. Alitaka kuwaambia wamwache. Badala yake alilaza kichwa begani kwa mama yake akakubali kubembelezwa.

Maalim peke yake hakumbembeleza. Alimngoja mpaka akainua uso.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, maalim."

"Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna."

Maalim alitikisa kichwa taratibu. Akafunga kitufe kwenye kitambaa cheupe, akasema atakwenda kukizika mahali pasipokanyagwa. Ignasi akazunguka nyumba nzima akang'oa plagi moja moja, ya chumbani, ya korido, ya stoo pamoja na karatasi yake ya maandishi mekundu, mtambo mkuu, kengele, akavitia vyote kwenye mfuko wa mbolea na kuufunga kwa kamba. Kengele haikulia tena. Harufu ilipungua, ikaisha. Umeme ukarudi kabla ya magharibi, redio ikaanza kuimba yenyewe, wakashtuka, halafu wakacheka.

Bi Stumai akamkatalia Ignasi kuondoka bila kula. Akapika ugali wa ulezi na samaki, migebuka, akampigia simu mume wake aliyekuwa na lori njiani kutoka Ilemba, akasema kwa sauti ya juu ili Ignasi asikie, "Baba Fahadi, yule kijana hana kosa! Ilikuwa radi tu! Tutampeleka wenyewe kwa yule mwenye nyumba ya wageni tukamsafishe jina."

Maulida alinawisha watu mikono. Alipomwagia Ignasi maji, Ignasi akamtania, "Sasa Januari shule, au siyo? Ukasome umeme uje unisaidie." Maulida alitabasamu, na akajiwazia kwamba labda imekwisha, kwamba nusu nayo inatosha, kwamba jina la Ignasi limesafika na hicho ndicho kilichokuwa na maana, na lile jingine dogo atakaa nalo mwenyewe mpaka azeeke na hakuna atakayejua.

"Maulida, funga mlango wa uani, baridi inaingia," mama yake alisema.

Akaenda. Korido ilikuwa na mwanga. Alifika mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo lile lile, na chuma kilikuwa kimelowa. Akanusa mkono wake. Karafuu. Kisha chini ya mlango, kwenye sakafu kavu ya Juni, maji ya mvua yakaanza kupenya taratibu, mekundu kwa udongo wa uani, yakagusa vidole vyake vya miguu, na hakuweza kurudi nyuma wala kupiga kelele, na sebuleni mazungumzo yalikuwa yamekatika kwa sababu nao walikuwa wanasikia, mguu mmoja ukiburutwa kutoka upande wa stoo, ukasimama, ukaburutwa tena, hatua ya nane, ya tisa, ya kumi, halafu ukucha ukagonga ubao mara tatu kwa mapigo ya kengele, na sauti aliyoijua kuliko sauti zote, yenye upole ule ule wa kila usiku, ikasema mlangoni:

"Maulida, mjukuu wangu, mvua imekatika na wewe uko macho. Sasa hivi ni saa ngapi?"