Tochi ya Kumulika Miguu

Mvua za kwanza zikishanyesha, wanawake wa kijiji cha Nakpanlogu hulala mapema na kuamka kabla ya jogoo. Ni msimu wa shea, tunda ambalo kokwa yake hutoa siagi. Matunda huanguka usiku kucha, na mti wa porini hauna mwenyewe. Anayefika kwanza ndiye anayeokota. Anayengoja kupambazuke hukuta majani matupu.

Abibata naye aliamka. Alisikia wanawake wa nyumba ya pili wakiitana kwa sauti ndogo. Mabeseni yaligongana. Halafu vishindo vya miguu vikatokomea njiani, kukawa kimya.

Alitoka nje. Mma Fuseina, mama wa mume wake, alikuwa ameketi mlangoni pake, tasbihi mkononi.

"Usinitazame hivyo," alisema Mma Fuseina. "Nilichosema nimesema."

"Sijasema neno, Mma."

"Macho yako yamesema."

Abibata akachukua ufagio, akaanza kufagia ua ambao ulikuwa safi tayari.

Nyumba ile ilikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka uliopita walikuwa wake wawili, Abibata na Samata. Watu husema wake wenza ni chui na mbuzi. Hawa wawili walikula sahani moja. Samata ndiye aliyemfundisha mwenzake kuchemsha shea, kukaanga, kusaga, na kupiga siagi mpaka iwe nyeupe. Alfajiri moja tochi ya Samata ilizimika porini. Hakutaka kurudi na beseni nusu, akaendelea kuokota kwa kupapasa. Nyoka aina ya bafe akamuuma mkono. Watu wakaufunga mkono ule kwa kamba, wakauchanja kwa wembe, wakangoja dawa ya majani ifanye kazi. Walipomfikisha hospitali ilikuwa magharibi. Samata hakurudi.

Baada ya matanga, Mma Fuseina alisema, "Hakuna mwanamke atakayetoka nyumba hii gizani mpaka nione tochi isiyokufa."

Msimu mpya ulipofika, Abibata alijaribu kwenda mchana. Alienda siku nne. Siku ya nne alirudi na matunda yasiyojaza hata bakuli. Mahindi ya nyumba ile yalikuwa ya mume, na viazi vikuu vilikuwa vya mume. Shea ndiyo shamba la mwanamke. Bila shea, Abibata hakuwa na kitu ambacho angeweza kukiita changu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomkereketa, na hilo hakumwambia mtu. Betri za tochi ya Samata alizinunua yeye Abibata, siku tatu tu kabla ya msiba. Alimwambia Samata kwamba ni mpya. Je, kama hazikuwa mpya?

Siku ya soko ilipofika, aliifunga tochi ya marehemu pamoja na yake mwenyewe ndani ya leso, akaenda.

Mchuuzi wa tochi alikuwa ameziweka juu ya turubai, kubwa mbele, ndogo nyuma. Alimwona Abibata akisita, akanyanyua moja yenye ukubwa wa mchi.

"Hii ndiyo mashine, dada. Ukiiwasha hapa, mwanga unafika mjini Tamale. Soma sanduku hilo, ona tarakimu zilivyojipanga."

Sanduku lilikuwa na namba yenye sifuri nyingi. Abibata aliishika. Ilikuwa nzito. Kitu kizito huonekana cha maana.

"Inakaa na moto muda gani?"

"Utachoka wewe kabla yake."

Abibata alimwomba mchuuzi amwazime tochi ile hatua kumi tu, mpaka kwa Lamisi. Mchuuzi akakubali, ingawa alikunja uso.

Lamisi alikuwa jirani yao. Mumewe alikuwa fundi wa redio. Alipofariki, Lamisi alikaa kwenye benchi lake na kuendelea na kazi. Mwanzoni wanaume walimcheka. Sasa walipanga foleni.

"Mke wa Neindow," Lamisi alisema, "umebeba mchi au tochi?"

"Tochi, dada Lamisi. Anasema inafika Tamale."

"Kwani nyoka wako anakaa Tamale?"

Wanaume waliokuwa wakingoja redio zao walicheka. Abibata naye alicheka kidogo, kisha akafungua leso.

"Kabla ya hiyo, nitazamie hii. Ilikuwa ya Samata. Nataka kujua kwa nini ilizimika."

Lamisi aliacha kutabasamu. Aliifungua tochi taratibu. Alizipima betri, akazinusa nyaya, kisha akaitazama swichi kwa muda mrefu. Ilikuwa kitufe kilichotokeza nje kama chunusi, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Kwa ncha ya sindano, Lamisi alitoa uzi wa buluu uliokwama pembeni ya kitufe.

"Alikuwa anaibeba wapi?"

"Kiunoni. Kwenye fundo la kitenge. Sote tunabeba hapo."

"Simama. Chomeka yako hapo. Sasa inama kama unaokota shea."

Abibata akainama.

"Fungua fundo utazame."

Tochi ya Abibata ilikuwa inawaka, tumboni kwake, ndani ya kitenge, mchana wa jua kali. Asingejua kamwe.

"Ndivyo zinavyokufa tochi za wanawake wa kijiji hiki," Lamisi alisema. "Kunapopambazuka mnaichomeka kiunoni, mnaendelea kuinama. Tumbo linaibonyeza. Inawaka asubuhi yote na hakuna anayeiona. Kesho yake mnaenda nayo porini mkidhani ina nguvu. Mimi sizioni zikiwa hai, huletewa maiti. Hii ni ya tisa mwaka huu."

"Kwa hiyo betri hazikuwa mbovu?"

"Betri hizi ni nzuri. Zilimalizwa tu."

Abibata aliketi chini kwenye mchanga. Lamisi alimmiminia maji kwenye kopo, akamwacha anywe mpaka mwisho.

"Haya," alisema baadaye. "Sasa tuchague ya walio hai. Unaitaka ya kazi gani?"

"Ya kuonea."

"Kuonea nini? Mwizi aliye ng'ambo ya shamba? Paa la msikiti?"

"Miguu yangu. Na mahali ninapotia mkono."

"Basi hilo ndilo la kwanza. Mtu asiyejua anataka kuona nini huuziwa namba za kwenye sanduku. Namba hizo yeyote anaweza kuzichapa." Lamisi alivuta blanketi zito alilofunikia redio. "Ingia humu."

Wote wawili wakajifunika blanketi katikati ya soko.

"Mmerudi utotoni?" mwanamume mmoja aliuliza.

"Ngoja redio yako, unyamaze," Lamisi alimjibu kutoka ndani.

Gizani waliwasha ile tochi kubwa. Ilitoa duara dogo, jeupe, linaloumiza macho. Pembeni ya duara Abibata hakuona hata kidole chake cha mguu. Kisha Lamisi akawasha tochi yake mwenyewe, ndogo, iliyoenea kiganjani. Mwanga wake haukuwa mkali. Lakini ulitandaa. Abibata aliona miguu yake yote miwili, miguu ya Lamisi, kipande cha waya, na mchwa aliyekuwa akipita na mzigo.

"Namwona mchwa," alisema.

"Nyoka ni mkubwa kuliko mchwa."

Walipotoka, nywele zimejaa vumbi, Lamisi aliendelea kufundisha huku mikono ikifanya kazi. Ile kubwa ni ya kuchaji kwa umeme, alisema, na umeme wao ulikuwa kama mgeni: huja anapotaka. Hii ndogo inakula betri mbili za ukubwa wa kidole, ambazo kila kibanda kinauza. Ina mwanga wa aina mbili, mdogo na mkubwa. Mdogo unatosha kuokotea, nao hudumu usiku mwingi. Mkubwa ni wa kutazama jambo lililokushtua, kisha unaurudisha chini.

"Sasa gusa swichi."

Abibata akapapasa. Kitufe kilikuwa kimezama ndani ya ukingo, hakikubonyea mpaka atie ncha ya kidole.

"Na mchana, zungusha kifuniko cha nyuma nusu mzunguko. Umeme unakatika ndani. Hata tembo aikalie, haiwaki. Nayo usiiume kwa meno tena. Tundu hili ni la kamba. Ivae shingoni, mikono ibaki huru, mmoja wa beseni, mmoja wa fimbo. Fimbo ipekue majani kwanza, ndipo mkono ufuate."

"Na betri?"

"Zote mbili mpya, za aina moja. Usioanishe kikongwe na mtoto. Nyingine mbili ziweke kwenye mfuko wa nailoni zisiloe. Msimu ukiisha zitoe, zisivuje humo ndani. Zilizokufa usizitupe kisimani wala motoni, niletee mimi."

"Bei yake?"

Bei yake haikufika nusu ya ile kubwa. Abibata alimrudishia mchuuzi mchi wake, akanunua ndogo kama ya Lamisi kutoka safu ya nyuma.

"Hiyo ni ya watoto, dada," mchuuzi alisema.

"Niuzie hivyo hivyo."

Mma Fuseina aliigeuza ile tochi kwenye kiganja kama anayekagua yai.

"Hii? Hata panya ataicheka."

"Ijaribu, Mma."

Basi Mma Fuseina aliijaribu, naye hakuwa mtu wa kujaribu nusu nusu. Kwanza alimwamuru Abibata aichomeke kiunoni, atwange, afagie, achote maji, ainame kutwa nzima. Kila alipopita alisema, "Fungua fundo." Kila fundo lilipofunguliwa, tochi ilikuwa imelala. Jioni aliimwagia kata ya maji. Iliwaka. Baada ya sala ya isha aliiwasha kwa mwanga mdogo, akaitundika juu ya kitanda chake mwenyewe.

"Ikizimika kabla ya alfajiri, umenyamaza mpaka mwakani," alisema.

Abibata hakulala vizuri. Adhana ilipolia, alikwenda mlangoni kwa mama mkwe. Alikuta mwanga ule ule, na mwanamke mzee ameketi chini yake, macho yamevimba.

"Sijalala," Mma Fuseina alisema. "Nilikuwa nikiingoja ife. Kaidi kama wewe." Kisha akainama chini ya kitanda, akavuta buti za mpira. Zilikuwa za mwanawe. "Tochi haikingi kisigino. Vaa hizi. Na nyoka akikuuma hata ukucha, hakuna wembe, hakuna kamba. Utakaa bila kuhangaika, mkono utulie, na Neindow atawasha pikipiki mpaka hospitali. Nimemwambia ajaze mafuta."

"Ndiyo, Mma."

"Nenda basi. Kesho. Leo kumekucha."

Kesho yake Abibata alitoka pamoja na wenzake. Wengine walishika tochi kwa meno, wakizungumza kama watu wenye jino bovu. Yeye aliongea wazi, mwanga umetandaa mbele ya buti zake. Walipofika njia panda, wenzake walikata kushoto. Kulia, karibu na jiwe jeusi, kulikuwa na mti mkubwa ambao hakuna aliyeuendea tangu mwaka jana. Chini yake ndipo Samata alipoumwa.

Abibata alikata kulia.

"Abibata, huko hapaendeki," mmoja alisema.

"Nitaangalia tu."

Chini ya mti ule, matunda yalitapakaa kama nafaka iliyoanikwa. Mengine yalikuwa mabivu, yenye harufu tamu. Abibata alisimama kwanza. Alimwombea marehemu dua. Kisha akapekua majani kwa fimbo, akaokota, akapekua, akaokota.

Beseni lilipofika nusu, fimbo iligusa kitu kisichokuwa jani. Alibonyeza mwanga mkubwa. Bafe alikuwa amejikunja hatua moja mbele, mnene kama mkono, rangi yake kama ya majani makavu. Nyoka huyo hakimbii. Hungoja akanyagwe. Abibata alirudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, bila kumwondolea mwanga.

Alipiga ardhi kwa fimbo. Alipiga tena. Bafe alijikunjua polepole, akaondoka kwa uzito kuelekea kwenye jiwe, naye Abibata akamsindikiza kwa mwanga mpaka mkia ukapotea.

"Kuna nini huko?" sauti iliita kutoka upande wa wenzake.

"Kuna bafe," alijibu Abibata. "Ameshaondoka. Nimemwona kabla hajaniona."

Wakaanza kuja mmoja mmoja, mpaka wakafika saba. Kila aliyefika alisimama nyuma yake kwanza, akatazama pale mwanga ulipotandaa, kisha akaitoa tochi yake mdomoni.

"Hiyo umenunua wapi?"

"Siku ya soko nitawapeleka. Mtaingia ndani ya blanketi."

"Blanketi la nani tena?"

Abibata alicheka, kwa mara ya kwanza porini tangu mwaka jana. "Sogeeni upande huu wenye mwanga. Fimbo kwanza, mkono baadaye. Samata hapendi matunda yaoze."

Wakasogea. Mabeseni yakaanza kulia, tunda juu ya tunda. Kulipopambazuka, chini ya mti ule hakukubaki hata moja.