Bi Mkunga Hauzi Gari

Kila Jumamosi asubuhi Bi Mkunga alifungua geti mwenyewe. Alikuwa amestaafu kazi ya kuzalisha, lakini jina lake la kazi halikustaafu. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Alijifunga kitambaa kichwani, akaingia ndani ya gari lake, akaliwasha. Gari lilinguruma. Jirani aliyekuwa akianika nguo alitikisa kichwa, na Bi Mkunga akampungia mkono kwa makusudi.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, la milango minne. Kwa umbo lilifanana na gari la familia; lingekuwa mtu, lingekuwa limeshaoa na lina watoto. Lakini lilitoka kiwandani likiwa gari la mwendo wa kasi. Lilikuwa na injini yenye nguvu, tairi pana na breki kubwa. Bi Mkunga alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Hakuomba ushauri wa mtu.

Jumamosi ilikuwa siku ya wajukuu wake, wasichana wawili pacha. Yeye ndiye aliyewapeleka kujifunza kuogelea. Njiani waliimba, walibishana, walimsimulia mambo ya shule. Wiki nzima Bi Mkunga aliisubiri safari hiyo.

Siku moja baba yao, mwanawe wa kwanza, alipanda nao. Walipofika kwenye kona ya shule, gari liliyumba. Bi Mkunga alikanyaga breki. Pua ya gari ikainama sana. Kisha ikainuka, ikainama tena, ikainuka tena. Pacha walicheka huko nyuma. Baba yao hakucheka.

"Mama, gari hili limechoka," alisema waliposhuka. "Liuze."

"Limechoka wapi? Husikii injini inavyoimba?"

"Injini nzima, lakini gari linayumba. Nawe umri umekwenda, mama. Tafuta kigari kidogo. Hili ni gari la vijana."

"Nimezalisha nusu ya mtaa huu, nawe ukiwa mgongoni kwenye kanga yangu. Leo kona ya shule itanishinda?"

"Sijasema itakushinda. Nasema watoto wangu hawapandi tena gari hili mpaka litulie."

Kuitwa mzee, Bi Mkunga angeweza kuvumilia. Kunyimwa wajukuu kulimchoma moyo.

"Ninyang'anye kingine chochote," alisema. "Hawa niachie. Nakuomba."

"Nimeshasema, mama."

Kesho yake Bi Mkunga alimwita fundi. Fundi alichungulia nyuma ya magurudumu.

"Shokapu zimekufa," alisema. "Tazama, zote zimevuja mafuta. Vumbi limeganda juu yake. Nunua mpya, nitakufungia."

Bi Mkunga alikwenda dukani. Muuza spea alimtazama yeye, akalitazama gari, akamtazama tena.

"Hili ni gari la mwanao, mama?"

"Ni langu."

"Aa. Basi nikupe shokapu laini. Za watu wazima. Utajiona umekaa kwenye sofa."

"Sofa ninalo nyumbani," alijibu Bi Mkunga. Damu ilikuwa imemchemka. Alinyoosha kidole kwenye rafu ya juu. "Zile nyekundu je?"

"Hizo za mashindano. Ngumu mno. Zina kidude hapa juu cha kuzikaza zaidi. Huchukuliwa na vijana wa mbio."

"Nipe."

"Lakini mama..."

"Nipe zote nne."

Fundi alizifunga. Bi Mkunga alimwambia azikaze mpaka mwisho. Alitaka mwanawe aone. Alitaka muuza spea aone. Alitaka hata yule jirani mwenye nguo aone.

Alichokiona yeye ni kwamba gari liligeuka mbuzi. Kwenye kila shimo liliruka. Meno yake yaligongana. Alijisemea kwamba atazoea, kwa kuwa hakutaka kukubali kwamba amekosea. Alipofika kwenye kona ya shule, gurudumu lilipiga tuta dogo. Gari liliruka pembeni, likaelekea mtaroni. Bi Mkunga alishika usukani kwa nguvu zake zote. Lilisimama ukingoni kabisa.

Alikuwa peke yake garini. Alizima injini. Aliwaza viti viwili vya nyuma, akashukuru kwamba vilikuwa vitupu. Aliogopa sana. Kisha akalirudisha gari nyumbani polepole, akampigia simu wifi yake.

Wifi alikuwa dada wa marehemu mumewe. Alikuwa mkaguzi wa magari katika kampuni ya mabasi. Basi lenye kasoro halikutoka getini yeye akiwa kazini, hata dereva apige magoti. Alifika jioni na ovaroli lake. Aliweka mikono yote miwili juu ya boneti, akakandamiza kwa uzito wake. Gari halikushuka hata kidogo.

"Wifi," alisema, "umeligeuza gari kuwa meza."

"Si ngumu ndiyo nzuri?"

"Nani alikwambia?"

Bi Mkunga alifikiri. "Hasira zangu."

Wote wawili walicheka, Bi Mkunga kwa shida kidogo.

"Sikiliza," alisema wifi. "Kinachobeba gari ni springi. Springi ikibonyea hurudi juu. Ikirudi hushuka tena. Ukiiacha peke yake itacheza tu. Kazi ya shokapu ni kuituliza. Zako za zamani zilikuwa zimeisha, kwa hiyo springi zilicheza zitakavyo. Hizi nyekundu ndizo zimezidi. Springi haipati hata nafasi ya kubonyea."

"Nikipiga shimo?"

"Gurudumu linaruka hewani. Na gurudumu lililo hewani halisikii breki wala usukani. Kinachokuweka barabarani ni tairi kugusa ardhi. Hakuna kingine. Shokapu hizi zinafaa uwanja wa mashindano, penye lami laini. Mtaa wetu unaujua."

Bi Mkunga aliujua. Alikumbuka mtaro, akajikunyata.

"Basi yule muuza spea alikuwa sahihi," alisema kwa uchungu. "Nichukue za sofa."

"Thubutu! Za sofa ni za gari la kawaida lenye umbo kama hili. Lako lilitoka kiwandani likiwa la mwendo. Springi zake ni fupi na ngumu zaidi. Shokapu laini hazitaweza kuzituliza. Utarudi kuyumba."

"Sasa nichukue zipi?"

"Zinazolingana na springi zako na barabara yako. Umri wako usiuingize. Hasira zako pia ziache nyumbani."

Wifi alifungua boneti. Alimwonyesha kibati chenye namba ya gari ya kiwandani.

"Umbo linadanganya. Namba hii haidanganyi. Mpe muuza spea namba, atafute shokapu zilizotengenezwa kwa aina hii hasa, kwa barabara za kila siku. Chukua mpya. Zilizotolewa kwenye gari jingine hujui zimetembea kiasi gani, hata zikiwa zinang'aa. Na usibadilishe moja moja. Mbili za mbele ziende pamoja, mbili za nyuma pamoja. La sivyo upande mmoja utatulia na mwingine utaruka."

"Na wakinibishia?"

Wifi alimkazia macho. "Wewe? Wathubutu waone!"

Muuza spea alibisha kweli. Zile nyekundu alikubali kuzitafutia mteja wa mbio. Kisha alishusha maboksi ya zile shokapu laini za mwanzo.

"Hizi zinaingia, mama. Hazina shida."

"Kuingia na kufaa ni kitu kimoja?"

"Hapana, lakini..."

"Basi soma namba."

Alisoma. Alitafuta kwenye kompyuta yake, akakuna kichwa, akaagiza zile zilizotakiwa. Zilipofika Bi Mkunga alilinganisha namba za kwenye maboksi moja baada ya nyingine. Muuza spea alisubiri kwa adabu. Safari hii hakuuliza gari ni la nani.

Gerejini nako kulikuwa na kazi. Katika gari lile, shokapu za mbele hukaa katikati ya springi. Juu yake kuna mpira mnene unaoshikana na bodi. Fundi alitoa mpira wa zamani. Ulikuwa umepasukapasuka.

"Huu bado unavumilia," alisema.

"Mimi sivumilii. Weka mpya. Ukiharibika mwezi ujao utafungua kila kitu upya."

Fundi aliguna, akatafuta mpira mpya. Alipoanza kuibana springi kwa chuma chake maalumu, Bi Mkunga alisogea karibu.

"Rudi nyuma, mama! Springi iliyobanwa ikichomoka inaua mtu. Ndiyo maana kazi hii haifanywi nyumbani."

Bi Mkunga alirudi nyuma mara moja. Amri yenye maana aliijua akiisikia.

Fundi alipomaliza alifuta mikono. "Tayari. Magurudumu utakuja kupimisha siku nyingine."

"Umefungua mbele yote, halafu magurudumu yasipimwe? Yakikaa upande yatakula tairi zangu. Pima leo."

Yalipimwa siku ile ile. Kisha Bi Mkunga alikandamiza boneti kwa mikono yake mwenyewe. Gari lilishuka, likapanda, likatulia. Alirudia kila kona ya gari. Alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi.

Alimwita mwanawe. "Panda."

Mwanawe alipanda, akafunga mkanda, akashika mlango. Kwenye matuta gari lilibonyea kidogo, likaendelea. Kwenye kona ya shule halikuyumba. Barabara ilipokuwa tupu, Bi Mkunga alikanyaga breki kwa nguvu. Pua iliinama kidogo tu. Gari likasimama wima, kimya.

Mwanawe aliachia mlango. "Umelitengeneza vizuri, mama."

"Limetulia au halijatulia?"

"Limetulia. Ila bado nasema, umri..."

"Umri sikuupeleka gereji. Ulisema gari litulie."

Akaligeuza gari, wakarudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata mwanawe aliwaleta pacha mwenyewe, na mikoba yao ya kuogelea. Walimkimbilia bibi yao wakipiga kelele. Yeye aliwakumbatia wote wawili kwa pamoja, na machozi yakamlengalenga. Mwanawe alikohoa.

"Mama, nimefikiri. Nimeona nikuruhusu uendelee na gari hili."

Bi Mkunga aliwaachia watoto. Alimtazama mwanawe kuanzia viatu hadi nywele.

"Ruhusa ya kuendesha sikukuomba," alisema, "wala sitakuomba. Nilichokuomba ni wajukuu wangu."

Alifungua mlango wa nyuma. "Ingieni. Mikanda kwanza, nyimbo baadaye."